Atakuja Kuchukua Mwenyewe

Mtaani walimwita Mama Sponji, naye hakulikataa jina, maana lilikuwa la haki. Vipunje vya sponji vilimganda nyweleni, nyusini na kwenye mikunjo ya shingo, na jioni alipoinama kunawa uso, maji ya beseni yaligeuka manjano. Alikuwa fundi wa makochi. Kibanda chake cha mabati kiliegemea karakana ya seremala, na mbele yake vilipangwa viti vilivyovuliwa nguo: mbao tupu, springi zimechomoza, mikanda inaning'inia kama ndimi. Mpita njia asiyejua angedhani viti vimefiwa.

"Kochi huingia hapa likilia na kutoka likicheka," alipenda kuwaambia wateja. "Anayebaki akilia ni mwenye kochi, akiuliza litakwisha lini."

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, wa miaka sita. Jina la mtoto lilikuwepo, zuri, refu, la kwenye vyeti. Lakini bibi yake, aliyeishi nao, alimsikiliza siku moja tangu uji wa asubuhi hadi chakula cha jioni, akatikisa kichwa. "Huyu haongei," alisema, "huyu anamwagika. Huyu ni chiriku." Basi yule ndege mdogo asiyejua kufunga mdomo akamtulia mtoto kichwani, asiruke tena. Kuhusu baba, Mama Sponji alikuwa na maelezo mafupi kwa kila aliyeuliza: "Alikwenda kuangalia mpira. Mechi haijaisha."

Chiriku alikuwa na njia zake. Akivaa viatu kinyume, ukamuuliza, alikwambia kwamba cha kulia kimechoka, leo amekipa zamu ya kushoto. Asubuhi majina yakiitwa, wenzake walijibu "nipo". Yeye alijibu "nipo, ila bado nakuja," kwa sababu, kama alivyoeleza, mwili umefika lakini kichwa kiko njiani. Aliwahi kuchora kiti chenye miguu mitano. Wa tano ulikuwa wa akiba. Ticha wa darasa lake, msichana mpole aliyekuwa bado mgeni kazini, aliziba mdomo kwa kiganja asionekane akicheka. Mwalimu Mkuu wa chekechea hakuwa na haja ya kuziba chochote.

Mbaya hakuwa. Hakupiga mtu, hakunyang'anya cha mtu. Ila ukimwonyesha mstari, yeye aliona kilichoko pembeni ya mstari. Wakipanga foleni kwenda kunawa mikono, alichuchumaa kumwangalia sisimizi aliyebeba chembe kubwa kuliko yeye, na foleni nzima ikasimama kumsubiri sisimizi afike kwake.

Mahafali ya chekechea yalipokaribia, wazazi wote waliingia homa. Majoho yalikodiwa, ya buluu, na kofia zenye shada linaloning'inia. Bibi alilishika joho la Chiriku kwa vidole viwili kama anayemwinua paka.

"Joho la nini kwa mtu asiyejua kufunga kamba za viatu?"

Lakini ndiye aliyelipiga pasi, akalipiga tena, akalitundika mahali ambapo kila aingiaye angeliona kabla hajakaribishwa.

Mama Sponji naye alikuwa na sehemu yake katika sherehe hiyo. Shule ilimpa kazi ya kukivalisha upya kiti cha mgeni rasmi, kile kikubwa chenye mikono, ambacho panya walikuwa wamekigeuza chumba cha uzazi. Alikichagulia mahameli nyekundu, akajaza sponji mpya, akapiga pini kwa ukaribu ambao hakuwapigia hata wateja wakorofi. Alitaka siku mwanawe atakapopanda jukwaani, kazi ya mikono ya mama yake iwe imetangulia kumpokea.

Alasiri ya mazoezi alikwenda kumchukua mtoto, chaki ya kukatia ikiwa bado nyuma ya sikio. Mwalimu Mkuu, mwanamke asiyependa mizaha, alikuwa amesimama getini, mikono nyuma.

"Mama Chiriku, hebu sogea tuongee kidogo."

Akasogea.

"Mtoto wako ni mchangamfu," alianza Mwalimu Mkuu, na Mama Sponji akajua papo hapo kwamba neno hilo limetumwa kufungua mlango tu, jingine lipite. "Leo ametuvurugia mazoezi. Watoto wanapanda jukwaani wameshika kamba, mmoja nyuma ya mwenzake. Yeye ndiye mfupi kuliko wote, tukamtanguliza. Kufika juu, akageuka, akawatazama wenzake, akaanza kutembea kinyumenyume. Wenzake vicheko. Mara wawili wamekanyagana, kamba imewafunga miguu, mmoja chini analia. Tukarudia. Akafanya vilevile. Tukarudia tena."

"Akafanya vilevile."

"Vilevile."

"Mlimuuliza kwa nini?"

"Mama, nina darasa zima. Nikianza kuuliza kila mmoja kwa nini, mahafali yatafanyika mwakani." Mwalimu Mkuu akavuta pumzi. "Tumeamua hivi. Siku yenyewe atakaa na wewe, kwenye viti vya wazazi. Joho atavaa, kofia atavaa. Jina lake litasomwa, na Ticha atamletea cheti palepale alipo. Atapigiwa makofi kama wengine."

"Kama wengine," alisema Mama Sponji, "ila asiwe pamoja nao."

"Samaki mkunje angali mbichi. Ukimwachia sasa, huko mbele utakuja kulia."

Mama Sponji aliichomoa chaki sikioni, akaitazama, akairudisha. "Huyu si samaki, Mwalimu. Na hata huyo samaki, mpaka uanze kumkunja, amekwisha kufa."

Alitarajia ugomvi, lakini Mwalimu Mkuu hakupandisha sauti. Aliishusha. "Mwaka jana mtoto alidondoka kutoka kwenye jukwaa lile. Alivunjika mkono mama yake akitazama. Niliyemwokota ni mimi. Uamuzi umeshapita, Mama Chiriku."

Hilo hakuwa amelitegemea. Alikuwa na maneno mengine kinywani, makali, yamejipanga. Akayameza, akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Njiani Chiriku hakusema kitu. Walipita kwa muuza mitumba, wakapita kwenye bomba linalovuja ambalo kila siku lazima alisalimie, akalipita kama halijui. Mama yake alimtazama kwa jicho la pembeni. Chiriku akinyamaza ni kama friji ya zamani inapozima ghafla: ndipo unapogundua kwamba siku zote kulikuwa na mngurumo, na kwamba ulikuwa umeuzoea kama pumzi.

"Mama."

"Naam, mama."

"Kwani mimi sijamaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Chekechea. Wenzangu wamesema wanaokaa na mama zao ni wale ambao hawajamaliza."

"Umemaliza, mwanangu. Umemaliza kabisa."

Mtoto alitembea hatua kadhaa akilipima jibu hilo. "Mwalimu Mkuu anajua?" akauliza.

Swali hilo lilimuuma Mama Sponji kama pini iliyoingia chini ya ukucha.

Walifikia kibandani, si nyumbani, kwa sababu kulikuwa na kochi la kukatiwa kitambaa kabla jua halijazama. Bibi alikuwapo tayari, ameketi kwenye kigoda, aking'oa pini kuukuu kutoka kwenye mbao za kiti na kuzitupa koponi. Mama Sponji alilaza jora la kitambaa sakafuni, akapiga goti kando yake.

"Shika ncha."

Chiriku alishika ncha kwa mikono miwili, akamgeukia mama yake, na kuanza kurudi kinyumenyume. Alivuta taratibu, macho kwenye kitambaa. Kila hatua, unyayo ulipapasa sakafu kwanza, ukahakikisha, ndipo ukakanyaga. Mama Sponji alikuwa ameiona kazi hiyo ikifanyika hivyo tangu mtoto alipoweza kusimama, na kama vitu vyote tunavyovizoea, hakuwa ameiona.

Anayekunjua kitambaa hakipi mgongo. Ukikipa mgongo ukakiburura, kitakwenda upande nawe hujui. Na kitambaa kilichokatwa upande kitabaki upande mpaka kochi lizeeke, na kila atakayelikalia atahisi kuna kitu hakiko sawa asijue ni nini. Hivyo ndivyo Mama Sponji alivyofundishwa na aliyemfundisha, na hivyo ndivyo mtoto alivyojifunza, kabla hajajua majina ya rangi. Anayeongoza humtazama anayemfuata.

"Chiriku. Hebu simama hapohapo."

Akasimama, kitambaa kimenyooka kati yao kama maji yaliyotulia.

"Kule jukwaani. Kwa nini ulitembea kinyumenyume?"

Chiriku alimtazama mama yake kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeuliza kama maji yana unyevu. "Kamba ilikuwa inakwenda upande. Kuna mtoto aliivuta huku, mwingine huku. Sasa nikiipa mgongo nitaonaje?"

Bibi aliacha kung'oa pini. Upande wa pili wa mabati, msumeno wa seremala nao ulinyamaza. Seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, hakuwahi kujifanya kwamba hasikilizi.

"Nimemwelewa," ilisema sauti yake kutoka ng'ambo. "Na nimesikia yote ya getini, habari zina miguu. Dada, ushauri wa bure: kile kiti usikipeleke. Mgeni rasmi akalie ndoo."

"Kiti kina kosa gani, Randa?"

"Kiti hakina kosa. Makalio yatakayokikalia ndiyo nina wasiwasi nayo."

"Kitakwenda. Kazi yangu haiendi kununa kwa niaba yangu."

Bibi alisubiri mpaka Chiriku alipotoka nje kumwambia bomba la jirani habari zake. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, akiendelea kuchokonoa pini moja iliyokataa. "Mwanangu. Usishindane na ukuta, utaumia wewe. Ni siku moja. Mkalishe, mpigie makofi, mrudishe nyumbani. Kesho kutwa amesahau."

"Hatasahau, Mama."

"Watoto wanasahau."

"Mimi sikusahau siku uliyoniambia fundi makochi si kazi ya mwanamke."

Bibi aliinua jicho. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema, ukaongeza kwamba nitaota ndevu."

"Na hukuota," alisema Bibi, baada ya kumchunguza kidogo. "Basi nilikosea nusu."

Walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Mama Sponji aliuchukua mkasi. Alikata kwa muda mrefu, na alipofika mwisho wa kitambaa alisema, kama anayemalizia sentensi aliyoianza moyoni, "Akae kwa sababu amekosea, nitamkalisha mwenyewe. Akae kwa sababu amejali? Hapana, Mama. Hapo sikubali."

Asubuhi ya pili yake alikipeleka kiti kwa mkokoteni, kimefunikwa nailoni. Mwalimu Mkuu alikizunguka, akakibonyeza, akakisifu kwa dhati. Mama Sponji akaona mlango uko wazi, akaeleza: jora, ncha, kamba, kwa nini mtoto aligeuka. Alieleza vizuri, kwa utulivu, hata akatembea kinyumenyume kidogo pale ofisini kuonyesha jinsi unyayo unavyopapasa.

Mwalimu Mkuu alisikiliza hadi mwisho. "Ni jambo zuri," alisema. "Nakwambia kweli, limenigusa. Lakini mgeni rasmi hatalijua, wala wazazi hawatalijua. Watakachoona ni mtoto mmoja anayekwenda kinyume cha wengine, na mimi nikiomba asidondoke."

"Basi simama naye ukingoni. Mshike hata shingo ya joho. Ila usimkalishe."

"Mama Chiriku, nimeshasema."

"Nimesikia," alisema Mama Sponji, akaikunja ile nailoni, akaiweka kwapani, akaenda zake.

Siku ya mahafali jua lilitoka mapema kama lenyewe limealikwa. Uwanja wa shule ulifunikwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa, spika mbili zikikohoa kila fundi mitambo alipozigusa. Mama Sponji alikuwa amechana nywele mpaka kipunje cha mwisho. Gauni lake lilikuwa la kijani, na viatu vyake vilimbana, lakini aliapa kuvivaa. Bibi alikaa kulia kwake, Chiriku kushoto, joho limepunguzwa pindo lisimkwaze, kofia imekaa upande kwa sababu, alisema, upande huo kuna upepo.

Wazazi waliokaa karibu walimwona mtoto mwenye joho akikaa na watu wazima. Waliangalia, wakaangaliana, wakaangalia pembeni. Mama mmoja aliyekaa mbele yao aligeuka kwa upole wa kuudhi.

"Anaumwa, mtoto?"

"Mzima wa afya," alijibu Mama Sponji. "Wewe je?"

Watoto walipanda jukwaani wakiwa wameshika kamba. Aliyetangulia aliwapa mgongo wenzake, akatembea kifua mbele kama alivyofundishwa. Nyuma yake kamba ilikwenda huku, ikaenda kule, mmoja akaiachia akaikimbilia, na wakafika mahali pao wamejikunja kama namba nane. Watu walipiga makofi kwa furaha, na ilistahili. Walikuwa watoto, walipendeza. Mgeni rasmi, mzee mnene mwenye tabasamu la kuazima, alikuwa amezama kwenye mahameli nyekundu na alionekana hana haraka ya kuinuka maishani.

Chiriku alinyoosha shingo. "Imepinda," alinong'ona. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama daktari.

Majina yakaanza kusomwa. Mtoto mmoja mmoja alivuka jukwaa, akapokea cheti kutoka kwa Mwalimu Mkuu, akapeana mkono na mgeni rasmi. Kila jina lilipoitwa Chiriku alipiga makofi, na baada ya kila jina aliuliza, "Sasa mimi?" na mama yake alisema, "Bado." Bibi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Jina lake, lile refu la kwenye vyeti, lilikuja la mwisho. Mwalimu Mkuu alilisoma vizuri, bila kulikata, kisha akaongeza kwenye kipaza sauti, "Yeye atapokea palepale alipo." Ticha akashuka ngazi ameshika cheti, macho chini, akitembea kwa mwendo wa mtu aliyetumwa asikopenda kwenda.

Mama Sponji alisimama.

"Ahsante, Ticha," alisema, na sauti yake, iliyozoea kushindana na msumeno wa Randa, haikuhitaji kipaza sauti. "Kirudishe jukwaani. Atakuja kuchukua mwenyewe."

Ticha alisimama katikati ya njia. Spika zilikohoa. Watu waliokuwa wakipiga picha walizigeuza simu zao upande huu.

"Mama Chiriku," alisema Mwalimu Mkuu, na spika zikalipeleka jina hilo mpaka nje ya ukuta, "tafadhali. Tulishakubaliana."

"Wewe ulikubali, Mwalimu. Mimi nilisikia tu."

Kicheko kilipita chini ya turubai, kifupi, kikajificha. Bibi alimvuta gauni. "Kaa," alisema bila kufungua meno. "Watu wanatazama."

"Ndiyo maana nimesimama, Mama."

Mbele yake aliona migongo, na baada ya migongo nyuso, nyingine zikimlaumu, nyingine zikifurahia sinema ya bure. Alijua wengi wangeondoka hapo wakisema yule mama hana adabu, na sasa tunajua mtoto tabia kaitoa wapi. Waseme. Maneno hayavunji mfupa, na kama yangevunja, afadhali uvunjike wa kwake.

"Mwalimu," alisema tena, taratibu kuliko mwanzo, "uliogopa asidondoke. Simama ukingoni. Mimi nitasimama ukingo wa pili. Tukishindwa sisi wawili kumlinda mtoto mmoja mfupi hivi, basi vyeti hivyo tugawane sisi."

Mwalimu Mkuu aliutazama ukingo wa jukwaa. Ndipo Bibi, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeshika gauni la bintiye, aliuachia. Aliinuka kwa kujikongoja, akamgusa begani yule mama aliyeuliza kama mtoto anaumwa.

"Sogeza miguu, mwanangu," alimwambia. "Kuna msomi anapita."

Miguu ikasogezwa. Safu nzima ikasogeza miguu. Chiriku alishuka kwenye kiti, akaweka sawa kofia upande uleule wa upepo, akatokea njiani.

Kila aliyejua habari ya mazoezi alikuwa akingoja ageuke. Ticha alikuwa amekirudisha cheti kwa Mwalimu Mkuu na sasa akingoja chini ya ngazi, mikono imenyooshwa kidogo tayari kudaka. Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kusogea ukingoni mwa jukwaa. Mama Sponji mwenyewe alikuwa anatembea kando ya viti akijiambia moyoni: kinyumenyume, ubavu, kwa magoti, vyovyote atakavyo, na atakayecheka atanijua.

Chiriku alitembea mbele. Alitembea kama mtu aendaye dukani kufuata kitu anachokijua, bila haraka, akisalimia kushoto na kulia. Alipita karibu na Ticha akampa mkono. Alipanda ngazi. Alimpita mgeni rasmi, akarudi hatua moja, akaupapasa mkono wa kiti, akamuuliza, "Hakikuchomi?"

"Hapana, binti," alisema mgeni rasmi, na tabasamu lake safari hii lilikuwa la kwake. "Kitamu sana."

"Kuna pini ilipotea. Basi haiko hapo."

Mgeni rasmi aliinuka kidogo, akajikagua, akakaa kwa uangalifu. Turubai zima lilicheka sasa waziwazi, na Chiriku akaenda mpaka mbele ya Mwalimu Mkuu, akainua uso. Mwalimu Mkuu alimpa cheti kwa mikono miwili. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili vilevile. Lakini hakuondoka.

"Nimemaliza?" aliuliza.

"Umemaliza," alisema Mwalimu Mkuu, kwa sauti ya watu wawili.

Chiriku alikinyooshea kidole kipaza sauti. "Sema na hapo. Wenzangu hawajasikia."

Mama Sponji, aliyekuwa amekwisha kufika kwenye ukingo wake wa jukwaa, alimwona Mwalimu Mkuu akimtazama mtoto, kisha akimtazama yeye. Hawakupendana wakati ule, wala baadaye. Lakini mwanamke yule alikuwa mwalimu, na mbele yake alikuwapo mtoto aliyeuliza swali lililo sawa. Alikisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Amemaliza," alisema, na spika zikalitangaza neno hilo bila kukohoa. "Mtoto huyu amemaliza chekechea."

Chiriku aliwageukia wenzake waliopangwa nyuma. "Mmesikia?" Walisema wamesikia. Akashuka upande wa mama yake, akadakwa kabla ya ngazi ya mwisho, akabebwa juu juu, joho na kofia na cheti, na Bibi kule nyuma alikuwa amesimama peke yake akipiga makofi kwa mkoba.

Baadaye, watu wakitafuta soda na watoto wao, Mwalimu Mkuu aliwafuata getini.

"Shule ya msingi hawatamvumilia hivi, Mama Chiriku. Nakwambia kwa wema."

"Nimepokea kwa wema," alisema Mama Sponji. "Nao watanizoea."

"Na joho lirudi leo jioni. Ni la kukodi."

"Litarudi."

Walipotoka nje ya geti Bibi alimwuliza mjukuu wake jambo lililokuwa likimwasha. "Hebu niambie. Mbona leo hukurudi nyuma?"

"Nilikuwa navuta nini?" aliuliza Chiriku, kwa mshangao wa kweli.

Randa alikuwa akiwangoja barabarani na mkokoteni uliofutwa vumbi. Juu yake alikuwa ametandika kipande cha ile mahameli nyekundu kilichobaki. "Mhitimu hatembei," alisema. "Panda, mheshimiwa."

Chiriku akapanda. Alikataa kuvua joho, akakataa kuvua kofia, akakishika cheti juu ya kichwa kwa mikono miwili ili, alisema, kipate hewa. Kinyozi alitoka dukani na mkasi mkononi.

"Amemaliza nini huyo?"

"Chekechea," alisema Mama Sponji.

"Mpaka joho?"

"Mpaka joho. Na kesho ukiuliza tena, tutakuletea spika."

Simu yake ilianza kulia mkobani. Ilikuwa namba ya shule. Aliipokea, akasema joho liko salama, liko njiani, akaizima. Walikuwa wamefika njia panda. Nyumbani kulikuwa kushoto, karibu tu, na chakula kilikuwa kimeshapikwa. Kulia kulikuwa na soko, na stendi, na barabara ndefu yenye maduka pande zote mbili, saa hiyo ikiwa imejaa watu wanaotoka kazini.

"Wapi, dada?" aliuliza Randa.

Mama Sponji alivivua vile viatu, akavishika mkononi, akakanyaga lami kwa nyayo zake mwenyewe.

"Kulia," alisema. "Kwenye watu wengi."